Garsen: Mji Uliohama Mtoni

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti ndio usiku ambao Kenya hujihesabu. Ilikuwa hivyo mwaka 1979, 1989, 1999, 2009 na 2019. Kwa sehemu kubwa ya nchi tarehe hiyo haina uzito wowote: mkulima wa Nyeri au fundi wa Kisumu yuko kwake Agosti kama alivyokuwa Machi. Katika delta ya Tana mambo hayako hivyo. Agosti masika yamekwisha, malisho ya bara yameanza kukauka, na wafugaji wanaswaga ng'ombe kuelekea mtoni. Mtu aliyeandikwa na karani wa sensa akiwa katika kijiji cha Kipao au pembezoni mwa Garsen huenda mwezi wa Mei alikuwa mbali bara, akifuata nyasi za mvua. Angehesabiwa mwezi huo, angekuwa mkazi wa wadi nyingine, labda wa eneo bunge jingine kabisa.

Nalitanguliza hilo kwa sababu Garsen ni mji ambao kila mwenye hoja huja na idadi yake ya watu. Wanasiasa hubishania nani ni wengi. Wazee hubishania nani alitangulia. Maswali hayo mawili yamemwaga damu nyingi, na yote mawili hujibiwa kwa takwimu ambazo wanaozitaja aghalabu hawaulizi zilipatikanaje.

Tuzitazame basi. Tana River, kaunti ambamo Garsen imo, ilikuwa na watu 92,401 mwaka 1979. Mwaka 1989 walikuwa 128,426, mwaka 1999 wakawa 180,901, mwaka 2009 wakafika 240,075, na mwaka 2019 walikuwa 315,943. Kwa miaka 40 wameongezeka mara 3.4. Kenya nzima, kutoka milioni 15.3 hadi milioni 47.6, imeongezeka mara 3.1. Tofauti ipo, lakini haitoshi kumfanya mtu aseme kaunti imefurika wageni. Hata mwaka 2019 ilikuwa na wastani wa watu wasiofika 10 kwa kilomita ya mraba, ilhali wastani wa taifa ulikuwa 82.

Na hata hivyo, mtu aliyepita Garsen miaka ya themanini akirudi leo haijui. Kivuko cha kuvushia magari hakipo tena, kuna daraja. Mabati yamechukua nafasi ya makuti. Maduka ya jumla, Mahakama Kuu, benki, pikipiki za bodaboda zisizohesabika. Kusini kidogo, kwenye njia panda ya Lamu, kimeota kitongoji cha Minjila, ambacho sasa kina shughuli za kushindana na mji uliokizaa. Ikiwa kaunti haikukua kupita kiasi, watu hawa wametoka wapi?

Wametoka kingoni mwa mto. Hiyo ndiyo hoja yangu, na sidhani inahitaji maneno mengi zaidi ya historia yenyewe. Garsen imejazwa na watu wa Tana waliosogezwa, mara na maji, mara na mradi wa serikali, mara na risasi, hadi wakakaa kando ya barabara.

Tana ina urefu wa kilomita kama 1,000, kutoka Aberdare na Mlima Kenya hadi Kipini. Huku chini haujawahi kuwa mto wa kutulia mahali pamoja. Hata mdomo wake wa leo si ule wa zamani. Mtawala wa Witu, Ahmed Fumoluti aliyejulikana kama Simba, alichimbisha mfereji wa Belezoni katika karne ya 19 ili mitumbwi ivuke kutoka Tana kwenda mto Ozi bila kupitia baharini. Mto ukaupenda ule mfereji, ukauingia, na polepole ukahamia Ozi moja kwa moja. Kau na Kipini zikapata mto mkubwa, na lile domo la zamani likabaki na maji ya bahari. Sijui mfano mwingine kwenye pwani yetu wa mtaro uliochimbwa kwa jembe ukaligeuza jimbo zima namna ile.

Wapokomo ndio wakulima wa mto huu. Wa juu, wengi wao Waislamu, na wa chini, ambao wengi ni Wakristo, wamegawanyika katika makundi yenye ardhi zake: Buu, Ngatana, Dzunza, Mwina, Kalindi, Gwano, Ndera na wengine, kila kundi na kipande chake cha mto, pande zote mbili. Ardhi ya Mpokomo haipimwi kwa kuufuata mto tu. Inaanzia majini, inapanda ukingo wenye migomba na miembe, inashuka kwenye mabonde ya mpunga yanayojazwa na mafuriko, na kuishia pale maji yanapokoma. Kijiji chenyewe kilikuwa kitu cha kubebeka. Mto ukikata kona na kuwaacha, waliufuata, wakajenga upya, na miembe ya zamani ikabaki kuonyesha palipokuwa na watu. Utawala ulikuwa mikononi mwa baraza la wazee la gasa, na ngoma yao takatifu, ngadzi, haikuwa ya kuonwa na kila mtu.

Waorma ni watu wa ng'ombe, wasemao lugha ya jamii ya Oromo. Hadi katikati ya karne ya 19 walitamba pande zote za Tana, hadi mbali kaskazini na mashariki. Vita vya miaka ya 1860 na Wasomali viliwavunja. Waliobaki walijikusanya zaidi magharibi ya mto, na wengi waliotekwa walikaa na Wasomali hadi vizazi vyao vikarudi Tana katika karne iliyofuata wakiwa na desturi za huko. Hao ndio Wardei. Serikali ya kikoloni nayo ikaufanya mto kuwa mpaka: Wasomali ng'ambo hii, Waorma ng'ambo ile. Mpaka wa namna hiyo haumzuii ng'ombe mwenye kiu.

Wamisionari walifika mapema. Wamethodisti walijenga Golbanti mwaka 1885, na mwaka uliofuata mchungaji John Houghton na mkewe wakauawa hapo na wavamizi wa Kimaasai. Wajerumani wa misheni ya Neukirchen waliingia Ngao mwaka 1887, wakati Witu ikiwa chini ya ulinzi wa Ujerumani. Mwaka 1890 Waingereza waliichukua Witu na kuichoma moto. Kwa muda mrefu baada ya hapo mtu akisema mji wa Tana ya chini alimaanisha Kipini, ambako bwana shauri alikaa, au Ngao, ambako kulikuwa na shule na hospitali. Garsen palikuwa pa kuvukia.

Umuhimu wa pa kuvukia ni kwamba kila mtu lazima apite. Mzigo wa Lamu, dawa za Hola, ng'ombe wa kuuzwa Mombasa, vyote vilisubiri hapo zamu ya kivuko, na panapo kusubiri pana chai, pana mahamri, pana mtu wa kuuza mkeka wa kulalia. Wafanyabiashara Waarabu na Wasomali walifungua maduka. Mama wa Kiorma walileta maziwa na samli, mama wa Kipokomo wakaleta mchele, ndizi na maembe. Biashara hiyo kati ya kina mama ingalipo. Katika miaka ya vita ilikuwa ya mwisho kusimama na ya kwanza kurudi, na anayetaka kujua kama kuna amani Garsen afike sokoni asubuhi aangalie nani anamkopesha nani.

Nje ya soko, kiungo kikubwa kati ya jamii hizi mbili kilikuwa malka. Ni ushoroba wa kuteremsha mifugo hadi majini, unaopita katikati ya mashamba. Kwa desturi wazee wa Kipokomo walikubaliana na wazee wa Kiorma malka ipite wapi, ifunguliwe lini, na nani alipe ng'ombe wakiingia kwenye mahindi. Mkulima alilima mafuriko yalipopungua. Mfugaji alishuka kiangazi, mavuno yakiwa yametoka, ng'ombe wakala mabua na kuacha samadi. Ardhi ilikuwa moja, na kila mmoja alikuwa na msimu wake.

Mpango huo ulitegemea mafuriko ya kila mwaka, na mafuriko yaliguswa mbali sana na Garsen. Bwawa la Kindaruma lilikamilika mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Umeme ukaenda Nairobi. Huku chini, maji ya wastani yaliyokuwa yakija kwa zamu ya masika na vuli yakaanza kukosekana, na yanapokuja huja kwa kishindo, kwa sababu bwawa lililojaa halina hiari ila kufunguliwa. Wazee wanaikumbuka gharika ya 1961, lakini ile ilikuwa kabla ya mabwawa. El Niño ya 1997 na 1998 ilikata barabara na kuzamisha vijiji. Yakaja mafuriko ya 2018, ya mwishoni mwa 2023, na ya Aprili na Mei 2024. Kila mara serikali na Msalaba Mwekundu wakahamishia watu kwenye miinuko. Sasa, mwinuko mkubwa kuliko yote katika bonde tambarare la delta ni tuta la barabara. Familia inakwenda na turubai kwa wiki mbili. Maji yakipungua, baba anarudi kulima, mama na watoto wa shule wanabaki. Turubai linakuwa kibanda cha fito na udongo, kibanda kinawekwa bati. Hivyo ndivyo mitaa kadhaa ya pembezoni mwa mji ilivyozaliwa, bila mkutano wa kupanga na bila ramani.

Hapa pana jambo ambalo takwimu za sensa haziwezi kulibeba. Mtu huyu ana nyumba mbili. Mguu mmoja uko shambani, mmoja uko barabarani. Karani wa mwaka 2019, aliyekuja na kishikwambi badala ya karatasi, alitakiwa kuandika aliyelala pale usiku ule. Akamwandika mama na watoto wanne Garsen, baba akaandikwa kijijini, na kaka mkubwa aliye na mifugo au kazini Malindi akaandikwa huko alikokuwa. Hakuna kosa lililofanyika. Ila ukichukua majibu hayo ukasema "Garsen ina wakazi kadhaa, kijiji fulani kina kadhaa," umeikata familia moja vipande vitatu na kuifanya ionekane kama uhamiaji.

Mradi wa serikali ulikuwa msukumo wa pili. Mamlaka ya maendeleo ya mito Tana na Athi, TARDA, iliundwa mwaka 1974, na baadaye ikajenga matuta ya kukinga maji na mashamba makubwa ya mpunga upande wa Gamba. El Niño ilivunja matuta na mradi ukalala, lakini hati ya ardhi, zaidi ya hekta 28,000, ilibaki mikononi mwa mamlaka. Kisha ukaja mpango wa TARDA na kampuni ya sukari ya Mumias kulima miwa kwenye hekta 20,000. Zikaja pia habari za mazao ya mafuta, na za Qatar kutafutiwa ardhi ya kulima chakula. Kwa miaka kadhaa kila aliyeshika ramani ya Tana aliona nafasi tupu. Wanamazingira na wanavijiji walikwenda mahakamani, na Februari 2013 Mahakama Kuu ikaamuru ardhi ya delta ifanyiwe mpango wa matumizi kwa kuwashirikisha wenyeji. Delta ilikuwa imeshaandikwa mwaka 2012 kuwa ardhi oevu ya Ramsar, hekta 163,600. Mashamba ya miwa hayakuota. Lakini hofu ya kunyang'anywa iliota, na mtu mwenye hofu ya shamba lake huwahi kulizungushia ua. Ua ukipita juu ya malka, njia ya ng'ombe imefungwa.

Ongeza mathenge. Mti huu wa miiba ulipandwa kwenye mradi wa umwagiliaji wa Bura miaka ya themanini kuzuia jangwa na kutoa kuni. Umefuata mto hadi chini, ukafunga njia na malisho, na mbuzi wakila maganda yake sana meno huharibika. Huu nao ni mradi, ingawa hakuna anayekubali kuwa mwenyewe.

Msukumo wa tatu ulikuwa risasi, na sitaurefusha kwa sababu waliofiwa wapo na wanasoma. Mpango wa kupima na kugawa ardhi kwa hati za watu binafsi ulichochea mapigano ya 2001 kati ya wakulima na wafugaji. Miaka 11 baadaye, tarehe 22 Agosti 2012, zaidi ya watu 50 waliuawa katika kijiji cha Riketa. Ikafuata Chamwanamuma, kisha Kilelengwani tarehe 10 Septemba, ambako miongoni mwa waliokufa walikuwemo askari polisi, kisha Kipao tarehe 21 Desemba. Watu zaidi ya 100 walipoteza maisha na maelfu wakahama. Tume ya uchunguzi iliongozwa na Jaji Grace Nzioka. Wengi walisema ni ugomvi wa maji na majani, na kweli Agosti ni mwezi wa ugomvi huo. Wengine walionyesha kalenda nyingine: uchaguzi wa Machi 2013, wa kwanza chini ya kaunti, ambapo kwa mara ya kwanza palikuwa na kiti cha ugavana cha kugombewa na kura za kila kijiji zilikuwa na bei. Mimi nawaelewa waliosema yote mawili. Maji yalikuwa sababu ya kugombana kila mwaka. Hayakuwa sababu ya kutumia bunduki za kivita.

Waliokimbia walikwenda Witu, Tarasaa, Malindi, na Minjila. Wengi walirudi makwao. Waliobaki Minjila walijiunga na wengine waliokuwa wamefika kwa sababu zao: dereva, mwenye hoteli, fundi wa pancha, mama muuza muguka, askari na familia zao.

Minjila ni mtoto wa njia panda. Kilomita kama 100 kutoka Malindi, barabara inagawanyika, moja ikielekea Garsen, Hola na Garissa, nyingine Gamba, Witu na Lamu. Miaka ya tisini mabasi ya Lamu yalivamiwa na majambazi tuliowaita mashifta. Baada ya mashambulizi ya Julai 2014, likiwemo lile la kituo cha polisi cha Gamba, safari ya Lamu ikawa ya msafara unaosindikizwa. Basi likifika, abiria wanashuka, wanapanga mstari, vitambulisho mkononi. Polisi anatazama picha, anatazama uso. Asiyekuwa na kitambulisho anatolewa pembeni, na aghalabu ni kijana wa Kiorma, Kibajuni au Kisomali, aliyezaliwa kilomita 20 kutoka pale aliposimama. Wakati huohuo wauza maembe wanagonga madirisha, chapati zinageuzwa, bodaboda zinaita. Ukaguzi ukichukua nusu saa, biashara inafanyika kwa nusu saa. Barabara ya Lamu ilipotiwa lami miaka ya karibuni, kuna waliodhani Minjila itakufa kwa kuwa magari hayatasimama. Magari bado yanasimama, maana polisi bado wapo.

Wakazi wake si Wapokomo na Waorma tu. Kuna Wagiriama, Wabajuni wa Kipini, Wajaluo waliofuata samaki wa maziwa ya delta kama Shakababo na Moa, Wakikuyu wa maduka, Waluhya walimu. Katika mjadala wa nani ni wengi hawa hawatajwi, na katika uchaguzi wa karibu hao ndio huamua.

Sasa turudi kwenye kuhesabu, kwa kuwa hesabu si ya kujifurahisha. Mwaka 2009 Waorma nchini walihesabiwa 66,275 na Wapokomo 94,965. Mwaka 2019 Waorma walikuwa 158,993 na Wapokomo 112,075. Hakuna jamii duniani inayozaa kwa kasi ya kuongezeka mara 2.4 katika miaka 10. Anayesema takwimu hizo zimeonyesha wageni wameingia anaharakisha, na anayesema zimethibitisha nani mwenyeji anaharakisha zaidi. Jina la kabila ni jibu ambalo mtu hutoa mlangoni, na Wardei au mtu wa damu mchanganyiko ana majina zaidi ya moja ya kujibu kwa haki. Ni mfugaji yuleyule anayeweza kupatikana mwaka huu na kukosekana miaka 10 iliyotangulia. Serikali yenyewe iliwahi kukiri ugumu huu: mwaka 2010 ilikataa matokeo ya sensa ya wilaya 8 za kaskazini.

Pamoja na hayo, hizo ndizo takwimu zinazogawa pesa za kaunti na viti. Kwa sensa ya 2019, wastani wa watu kwa kila eneo bunge nchini ni 164,015. Garsen, Galole na Bura, maeneo bunge matatu ya Tana River, kwa pamoja yana wastani wa 105,314, pungufu ya asilimia 36. Katiba, kifungu cha 89, inaruhusu maeneo yenye watu wachache kupungua hadi asilimia 40. Kwa hiyo wastani wa Tana River umebakiza nafasi finyu sana, na familia elfu chache zikiandikwa upande huu au ule wa mpaka zinatosha kuleta zogo. Ndiyo maana kila mapitio ya mipaka yakitajwa, watu wa Garsen huanza kuulizana vijiji gani vihesabiwe wapi, kabla hata ya kuulizana shule gani haina walimu.

Lililo la haraka zaidi kwa Minjila na mitaa ya pembezoni si idadi bali karatasi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 iliweka njia ya jamii kusajili ardhi yake, na usajili umekwenda polepole. Mwenye kibanda kando ya lami mara nyingi ana barua ya chifu au ahadi ya mzee, au ana majirani tu wa kushuhudia kuwa alikuja wakati wa El Niño. Bei ya kiwanja njia panda inapanda, na wanunuzi kutoka nje wanakuja na mawakili. Waliofukuzwa mtoni na maji wanaweza kufukuzwa barabarani na hati, na safari hiyo hakutakuwa na mwinuko wa tatu wa kukimbilia. Kaunti ingeweza kuanza na jambo dogo: kupima viwanja vya waliokuja na mafuriko, mtaa kwa mtaa, na kuchora malka kwenye ramani hiyohiyo kabla mnunuzi hajaweka nguzo zake. Mpango wa matumizi ya ardhi ya delta tayari umeonyesha shoroba nyingi za mifugo zinapita wapi.